Maji ya Ghorofa ya Tano
Sehemu ya Kumi na Moja: Kiti Kitupu Juu ya Paa

Mkono uliomshika Wan-ju shingoni haukuwa wa askari, kama wengi wenu mlivyokisia wiki nzima. Ulikuwa wa Mzee Liao wa ghorofa ya nne, na ulinuka mafuta ya kukaangia ngisi.

"Shika hiyo spana yako vizuri," alisema mzee. "Isije ikakuangukia mguuni, ukasema nimekupiga."

Wan-ju aligeuka polepole. Mvua ya mji wa Keelung ilikuwa siku ya kumi na nane bila kupumzika. Mkono wake wa kulia ulikuwa na spana. Wa kushoto ulikuwa bado umeinua mfuniko wa tangi ambalo si lake. Ni vigumu kukamatwa vizuri zaidi ya hapo.

"Mzee, nilikuwa naangalia tu."

"Unaangalia tangi langu. Kwa spana. Jumapili, watu hawajanywa hata uji." Mzee Liao alimwachia shingo. "Mkwe wa Hsiu-luan, mwenye kuangalia huja na macho. Mwenye spana amekuja kufungua kitu."

"Mwizi ni wewe!"

Maneno yalimtoka kabla hajayapima, naye ni mtu wa kupima kila kitu. Lakini yakishatoka hayarudi, kwa hiyo akayaongezea mengine.

"Miaka mitatu unatunyonya. Mama mkwe ameniambia. Umetoboa bomba letu, maji yote yanaishia kwako. Kwetu shawa inadondoka kama pua ya mtoto, kwako watu wanaoga kwa kelele!"

Mzee Liao alicheka. Alikuwa ameendesha kreni bandarini miaka thelathini na saba, na kicheko chake kilitengenezwa kusikika hadi kwenye sitaha ya meli.

"Kwako Hsiu-luan anasema mwizi ni mimi? Sokoni anasema ni wewe. Anasema maji ni mali, na mali ilimkimbia mwezi ule ule ulipovuka kizingiti chake."

Wan-ju alilijua hilo. Ndiyo sababu alikuwa juu ya paa. Saa tatu asubuhi hiyo Mwalimu Fang, mtaalamu wa nyota na bahati za nyumba, angekuja na dira yake kupima nyumba na kutoa hukumu. Akisema maji yamefukuzwa na bibi harusi, Wan-ju angefunga mizigo yake na kurudi kwa mama yake Hualien kabla ya Mwaka Mpya. Mama mkwe alikwishamteremshia na sanduku kutoka juu ya kabati, akalipangusa vumbi. Huo ulikuwa wema wake wa mwezi.

Na mume? Kuang-ting alikuwa amesema, "Tumsikilize kwanza Mwalimu." Kisha akaendelea kula tambi.

"Basi njoo," alisema Mzee Liao. "Huyo mwizi tumtafute wote wawili. Shika bomba langu, ulifuate kwa kidole."

Wan-ju alilifuata. Lilitoka chini ya tangi, likapita ukingoni mwa paa, likashuka ukutani hadi ghorofa ya nne. Hakuna kiungo, hakuna tundu, hakuna tawi. Akarudia mara ya pili kwa kidole kingine, kana kwamba cha kwanza kilikuwa na upendeleo.

"Umeridhika?"

"Bado."

"Vizuri. Sasa inua macho. Nyumbani kwenu kila mtu hutazama chini akitafuta wa kumlaumu, ndiyo maana hamjawahi kukiona kile."

Alinyoosha mwavuli wake kuelekea kibanda cha ngazi, pale mlango wa paa ulipo. Juu ya kibanda kulikuwa na fremu ya chuma, miguu minne yenye kutu, juu yake hakuna kitu ila njiwa wawili waliolowa.

"Kile ni nini?"

"Kiti cha tangi lenu."

"Tangi letu ni lile pale." Wan-ju alionesha pembeni, ambako tangi la ghorofa ya tano lilikuwa limelazwa juu ya safu tatu za matofali, limejikunyata kama bata anayeatamia.

"Leo, ndiyo. Lakini tangu jengo hili lijengwe lilikaa kule juu, na mama mkwe wako alikuwa akioga kwa kelele kuliko mimi. Siku tano kabla ya harusi yako walikuja wanaume wanne wenye kamba, wakaliteremsha. Nakumbuka kwa sababu waliniomba chai, wakanivunjia na kikombe."

"Kwa nini waliteremsha?"

"Muulize mwenye dira, na umuulize kitanda chenu kiko chini ya nini. Mimi nilikuwa mtu wa kreni. Mambo ya vitanda vya watu siyajui."

Wan-ju alisimama mvuani akipiga hesabu. Kutoka kile kiti kitupu hadi kichwa cha shawa, mita sita na kidogo. Kutoka yale matofali hadi kichwa cha shawa, mita moja na nusu. Katika majengo yale hakuna anayeyasukuma maji yakishafika paani. Yanaanguka tu. Yakitoka juu huja kwa hasira. Yakitoka kwenye matofali matatu hujikokota.

"Lakini tangi lako nalo liko hapa hapa chini," alisema. "Mbona kwako yana nguvu?"

"Mimi naishi ghorofa moja chini yako, binti. Maji yangu yana chumba kizima cha kujirusha. Yenu yakitoka tu, yamefika. Hayana hata muda wa kukasirika."

Wan-ju hakucheka. Alikuwa anaikumbuka miaka mitatu. Alikuwa amefungua kila koki hadi mwisho, amesugua kila kichujio kwa mswaki. Kuang-ting alikuwa amenunua kichwa cha shawa chenye taa, kinachowaka nyekundu maji yakiwa ya moto na buluu yakiwa baridi. Kiliwaka buluu miaka yote mitatu, kwa kuwa hita ya gesi haiwaki maji yasipopita ndani yake kwa nguvu. Mama mkwe naye alikuwa amebandika hirizi ya hekaluni kwenye bomba, akaweka chura wa shaba wa kuvuta mali juu ya mita ya maji. Chura yupo hadi leo. Amenenepa kutu.

Watu watatu wazima, na hakuna aliyepanda ngazi kumi na sita kuangalia tangi liko wapi. Yeye mwenyewe hadi leo alikuwa hajapanda. Hilo lilimchoma kuliko baridi.

"Utanishuhudia, Mzee?"

"Nitakuja hata usiponiita. Hsiu-luan ameniita mwizi sokoni. Nataka aniite tena nikiwa nimekalia kiti chake."

*

Mwalimu Fang alikuwa ameshafika. Wanaojua hatima za watu hufika mapema panapokuwa na chakula.

Alikuwa amekaa mahali pa baba wa nyumba, anakula keki ya figili iliyokaangwa, kipande cha tatu. Dira yake kubwa ya mbao ilikuwa mezani juu ya kitambaa cha manjano. Bi Hsiu-luan alisimama nyuma yake na birika, na Kuang-ting alikaa pembeni mikono magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari wa meno.

"Umelowa kama paka wa bandarini," alisema mama mkwe. "Na kuna mgeni."

"Naona, Mama."

"Kaa. Hii inakuhusu."

Mwalimu Fang alipangusa midomo, akaizungusha dira kidogo, akaitazama kwa huzuni ya mtu aliyeshiba.

"Maji ni mali," alisema. "Maji yakipungua, mali inatafuta mlango wa kutokea. Swali ni moja. Yalianza kupungua lini?"

"Mwezi wa kumi na moja, miaka mitatu iliyopita," alijibu Bi Hsiu-luan upesi. "Mwezi ule ule alioingia huyu."

"Ah."

Ile "ah" ilikuwa fupi, lakini Bi Hsiu-luan aliipokea kama mshindi anavyopokea kombe. Alilitupia jicho sanduku lililosimama mlangoni.

"Mwalimu," alisema Wan-ju, "kabla hujahukumu, naomba nikuulize kwa kuwa mimi sijui. Tangi la maji likiwa juu ya kitanda cha maharusi, ni vibaya?"

"Vibaya mno." Alijibu kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Maji juu ya kichwa cha bibi harusi huzamisha watoto kabla hawajaja."

"Kwa bibi harusi yeyote?"

"Yeyote."

"Na mtu mwenye tangi hilo unamshauri nini?"

"Alishushe, aliweke mbali na kitanda."

"Mama ulimshauri hivyo?"

Bi Hsiu-luan alianza kumimina chai kwenye kikombe kilichojaa. Chai ikamwagika kwenye kitambaa cha manjano.

"Alimshauri," ilijibu sauti mlangoni. "Na mimi nikavunjiwa kikombe."

Mzee Liao alivua viatu, akaingia, akakaa kwenye kiti cha Bi Hsiu-luan. Akajitikisa kidogo kukijaribu.

"Nani amemkaribisha mwizi huyu?"

"Mwizi amejikaribisha, jirani. Kiti laini! Pesa za kununua kiti kama hiki umezipata wapi, na mali yote imekimbia?"

"Mambo ya tangi na mambo ya mkwe ni mawili tofauti," alisema Bi Hsiu-luan. "Tangi lipo, maji yamo. Kama hayatoki, kuna anayeyafukuza."

"Njooni bafuni," alisema Wan-ju. "Wote."

Walijipanga mlangoni mwa bafu kama watu wanaotazama ajali. Wan-ju alifungua koki ya maji ya moto hadi mwisho. Kutoka kwenye kichwa cha shawa, pale ukutani, vikatiririka vijinyuzi vitano vya maji. Taa ya buluu ikawaka.

"Haya ndiyo maji yanayoniogopa," alisema. "Sasa tazameni."

Alikichomoa kichwa cha shawa kwenye kishikio chake, akakishusha hadi kiunoni kwa mpira wake mrefu. Vijinyuzi vikanenepa. Akakishusha hadi magotini. Vikawa manyunyu. Akakilaza sakafuni kabisa, na maji yakaruka hadi kwenye soksi za Mwalimu Fang.

Halafu, nje barazani, ukasikika mlio ambao nyumba ile ilikuwa haijausikia miaka mitatu.

*Puf!*

Hita ilikuwa imewaka.

Taa ya kichwa cha shawa ikasita kidogo, ikageuka nyekundu. Mvuke ukaanza kupanda.

"Mkwe ni yule yule," alisema Wan-ju, "bomba ni lile lile, tangi ni lile lile. Nilichobadilisha ni kimo tu. Maji hayajui nani ameolewa lini, Mama. Yanajua yametoka juu kiasi gani."

Kuang-ting alikuwa anaitazama ile taa nyekundu kwa macho ya mtu aliyeokoka.

"Kumbe," alisema taratibu, "ningekuwa nachuchumaa, ningeoga maji ya moto?"

Mzee Liao alimtazama kwa muda mrefu. "Hsiu-luan," alisema, "huyu ndiye mwanao uliyemtafutia kitanda cha kuzalia wenye akili?"

Mtu mwingine angekiri hapo. Lakini Bi Hsiu-luan alikuwa amelea, amezika na amebishana sokoni kwa miaka sitini na tisa, na alijua kwamba aliyeshindwa kwa hoja bado ana kisu.

"Sawa," alisema. Sauti yake ilishuka, ikawa ya upole, na upole wake ndio uliokuwa wa kuogopwa. "Tangi nililishusha mimi. Nililishusha kwa ajili ya nani? Kwa ajili yake, apate watoto. Nimeoga maji baridi majira matatu ya baridi, na mifupa yangu hii, nikimngojea mjukuu." Akamgeukia Wan-ju. "Yuko wapi?"

Maji yaliendelea kumwagika sakafuni.

"Nimekuuliza, mkwe. Maji yangu niliyatoa. Wewe umetoa nini?"

Kwa swali hilo Wan-ju hakuwa na kipimo. Alimtazama mumewe, ambaye alikuwa ndiye mtu mwingine pekee aliyehusika na jibu lake. Kuang-ting alitazama soksi zake.

"Basi nimejibiwa," alisema Bi Hsiu-luan. "Maji yalikimbia kwa sababu yake, ama kwa njia hii ama kwa ile. Mwalimu, malizia."

Macho yote yakamgeukia Fang.

Tumtendee haki Mwalimu Fang. Hakuwa mjinga. Aliona mama anayemlipa upande mmoja, na upande wa pili aliona mzee wa bandarini mwenye sauti ya kufika sokoni bila kupanda basi. Kesho mji mzima ungejua kwamba kuna mtaalamu aliyeikausha nyumba aliyoitwa kuibariki. Mtu wa namna hiyo akibanwa hatafuti ukweli. Anatafuta karatasi.

Alirudi sebuleni, wakamfuata. Akafungua mkoba wake.

"Mimi sipangi kitanda kwa kubahatisha," alisema. "Nililetewa saa ya kuzaliwa ya bibi harusi. Nyota yake ni moto. Maji juu ya moto huuzima. Ndiyo sababu niliamuru tangi lishushwe. Kwa mwanamke wa nyota nyingine lingekaa kule juu hata miaka mia."

"Dakika kumi zilizopita lilikuwa baya kwa yeyote," alisema Mzee Liao.

"Elimu ina kina, Mzee."

"Na kina chake kinabadilika kwa kasi."

Fang aliingiza mkono mkobani. Alitoa karatasi nyekundu iliyokunjwa mara nne, ile ambayo familia ya bwana harusi humpelekea mtaalamu kabla ya ndoa.

"Mwalimu, si lazima usome," alisema Bi Hsiu-luan.

Alisema haraka mno. Hata Kuang-ting aliinua kichwa.

"Ni lazima, Bi Hsiu-luan. Heshima ya kazi yangu iko humu." Akaikunjua. "Mwanamke. Mwaka wa Sungura. Mwezi wa tatu, siku ya tisa, saa ya Jogoo, yaani machweo."

"Soma tena," alisema Wan-ju.

"Mwaka wa Sungura, mwezi wa tatu..."

"Mimi ni wa mwaka wa Farasi. Mwezi wa nane. Nilizaliwa alfajiri."

Fang aliitazama karatasi, akamtazama yeye, na usoni mwake ukaonekana mwanga wa mtu aliyeona mlango wazi katika nyumba inayoungua. Akaipita nafasi hiyo bila kuangalia nyuma.

"Basi dira yangu haikukosea hata chembe! Tangi lilishushwa kwa haki, ila kwa mwanamke mwingine. Kosa ni la aliyeleta karatasi. Kwa mtu wa Farasi hakuna ubaya wowote. Rudisheni tangi juu, hata leo. Mkwe huyu hajafukuza kitu."

Hivyo tu. Sentensi chache, na sanduku la mlangoni likawa halina kazi. Wan-ju alikuwa ameshinda, kwa mdomo ule ule uliokuja kumfukuza. Hakuhisi ushindi. Alihisi kwamba amekaa miaka mitatu kwenye chumba kilichopangwa kwa ajili ya mtu mwingine, na kwamba kila mtu aliyekuwemo sebuleni alikuwa amebadilika rangi isipokuwa yeye na mzee wa ngisi.

"Mama," alisema. "Siku tano kabla ya harusi yangu ulikuwa unamtandikia nani kitanda?"

"Mwandishi alikosea."

"Mwaka, mwezi, siku na saa? Vyote vinne?"

"Nimesema alikosea!" Bi Hsiu-luan aliinyakua ile karatasi nyekundu kutoka mkononi mwa Fang, akaichana pembeni.

Hapo ndipo Kuang-ting aliposimama.

Katika sehemu zote kumi zilizopita hamjamwona mtu huyu akisimama bila kuambiwa. Alisimama sasa. Hakumtazama mkewe. Alimwendea mama yake, akamfungua vidole kimoja kimoja hadi karatasi ikabaki mkononi mwake, akaisoma kwa kusogeza midomo, na machozi yakaanza kumtoka kabla hajafika mwisho.

"Mama," alisema, kwa sauti ambayo Wan-ju hakuwahi kuisikia ikitoka kwake. "Uliniapia, mbele ya majivu ya mwenye karatasi hii, kwamba umeichoma."